Mwaka Tuliolamba Mifupa

Swali lenyewe niliulizwa na msichana wa chuo, mpwa wake Habiba, na sidhani alijua anachokoza nini. Tulikuwa tumeketi wanawake watupu kwenye mikeka, nyumbani kwa mama yake Habiba hapa Kitengela, siku chache baada ya kumzika Habiba. Chai ya tangawizi ilikuwa inazunguka na kila mtu anaongea kwa ile sauti ya chini ya msibani. Msichana akaniinamia, akaniuliza, "Aunty, ni ukweli wewe na shangazi mlikuwa mnalamba mawe?" Nilikuwa nimejikaza tangu simu ya kifo ilipoingia. Nilijikaza njia nzima kutoka Kajiado, nikajikaza nilipomkumbatia mama yake. Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilicheka mpaka chai ikamwagika kwenye leso, na nilipomaliza kucheka nikajikuta nalia, tena kwa sauti, wanawake wamenishika mabega. Mama Habiba, ambaye siku hizi haoni vizuri, akauliza ni nani huyo analia hivyo. Akaambiwa ni Nashipae. "Ah, yule wa mifupa," akasema. "Mwacheni alie. Huyo na mtoto wangu walinipeleka mpaka kwa sheikh kuuliza maswali ya ajabu." Nikamwahidi yule msichana kwamba nitamweleza yote. Kwa mdomo siwezi, nitaharibu tena. Basi naandika.

Kwanza, hayakuwa mawe. Ilikuwa mifupa iliyogeuka jiwe, visukuku, ya wanyama wa enzi ile wataalamu wanaiita Kretasia, wakati dinosaria walikuwa wanatembea kule kaskazini karibu na ziwa, kabla hakujawa na ng'ombe wala mtu wa kumpigia ng'ombe mluzi. Mifupa hiyo ililetwa kwa masanduku na magunia, na kwa vile stoo za mjini zilikuwa zimejaa, Daktari Kyalo, mtaalamu aliyekuwa anaisimamia, alikodisha nyumba ya vyumba vitatu huku Kitengela, nyuma ya barabara ya Namanga, wakati kulikuwa bado na nafasi ya kuona twiga akipita mbali. Mwaka wenyewe ni 2003. Mimi na Habiba tulikuwa tumetoka chuo kikuu, yeye amesomea elimu ya viumbe na mimi jiolojia, na hakuna mtu alikuwa anatuhitaji mahali popote mpaka Daktari alipotuchukua. Sebule ndiyo ilikuwa karakana. Meza zilikuwa milango ya mbao iliyolazwa juu ya ndoo, mifupa midogo ilikaa kwenye trei za mayai, mikubwa kwenye beseni za mchanga, na kila mahali kulikuwa na miswaki, sindano za kushonea magunia na chupa za gundi. Madirisha hayakuwa na pazia. Vumbi la simiti lilikuwa linakuja na upepo kutoka upande wa Athi River, na kila asubuhi kabla ya kuanza tulipangusa vumbi la leo ili tufikie la miaka milioni sabini.

Sasa kuhusu kulamba. Kipande kidogo cha kisukuku na kipande cha jiwe vinafanana mpaka ukasirike. Vyote ni vya kahawia, vyote ni vizito. Lakini mfupa, hata uliogeuka jiwe, una vitundu vidogo usivyoviona kwa macho, na ukiugusisha kwenye ulimi unanata. Jiwe linateleza tu. Watu wa kazi hii wanalijua hilo dunia nzima na hawaoni haya. Habiba alikuwa na ulimi ambao sijawahi kuuona kwa mtu mwingine. Alikuwa anagusisha tu, anasema "mfupa", anagusisha, anasema "jiwe", anatupa jiwe kwenye ndoo ya mawe bila kuangalia, huku ananisimulia habari za harusi aliyoenda Jumamosi. Mimi ulimi wangu ulikuwa wa kubahatisha. Akaniambia ni kwa sababu Wamaasai tumezoea maziwa na mafuta, ulimi umevaa koti. Nikamwambia wake umekauka kwa kuongea. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea kutwa, na mtu wa nje angedhani tunagombana.

Mama Habiba alikuwa na duka la nguo karibu na stendi, na duka hilo ndilo lilikuwa jikoni kwetu. Nyuma ya pazia la vitambaa kulikuwa na jiko la makaa, na saa sita tulienda kula huko: anjera na maini, wali na mbuzi, siku nyingine maziwa ya ngamia yaliyoletwa na jamaa zao, ambayo mimi binti wa ng'ombe niliyanywa kwa siri ya moyo nikayapenda. Siku moja akatuuliza kazi yetu hasa ni nini. Habiba, kwa ule mdomo wake, akaonyesha kwa vitendo, mpaka kulamba. Mama akaweka kijiko chini. "Huyo mnyama anakula nini?" akauliza. Habiba akamwambia hatujui, hiyo ndiyo kazi yenyewe, kujua. "Kama anakula majani ni sawa," mama akasema. "Lakini kama ni wa meno ya kurarua, huyo si wa kutia mdomoni. Hujui hilo, na nimekupeleka madrasa?" Wiki ile ile alienda kumwuliza sheikh. Akarudi hakuridhika kabisa, kwa sababu sheikh alikuwa amecheka. Alimwambia kitu kikigeuka jiwe ni jiwe, na jiwe halina haramu, lakini Ramadhani ikifika mchana asilambe kitu chochote. Tangu siku hiyo kila tukifika kula, kabla ya salamu, mama anauliza, "Mmejua? Ni wa majani ama ni wa nyama?"

Hakujua kwamba swali lake ndilo lilikuwa linamnyima Daktari usingizi. Tulilijua hilo kwa kusikiliza tusichoambiwa. Simu ya Daktari ilikuwa inashika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kreti ya soda karibu na tangi la maji, na dirisha la karakana lilikuwa hapo hapo. Alikuwa mtu mfupi, Mkamba mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na akipanda ile kreti kuwapigia wakubwa wake anaongea kana kwamba aliyeko mjini hana simu. Mwezi wa nane tukamsikia anasema, "Mpaka mwisho wa mwaka. Nipe mpaka mwisho wa mwaka, nitakupa mla nyama mmoja wa uhakika." Akasikiliza. "Ndiyo, naelewa. Nisipompata, nyumba ifungwe." Habiba alikuwa na mfupa mdomoni. Akautoa polepole akanitazama. Niliona tunachoenda kupoteza. Haikuwa kazi tu. Ilikuwa ile sebule, jua la saa nne kwenye trei za mayai, na yeye upande wa pili wa meza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na sikuwa nimewahi kufurahi vile, na nilikuwa naijua furaha hiyo wakati ule ule iko, jambo ambalo si la kawaida.

Utasema mla nyama ni rahisi kumjua. Si rahisi, ukiwa huna mifupa yake yote pamoja, na sisi hatukuwa na hata miwili iliyotoka kwa mnyama mmoja. Mto wa zamani ulikuwa umeichukua, ukaisugua, ukaitawanya. Jino la dinosaria mla nyama limebanwa bapa, kama kisu, na kingo zake mbili zina meno madogo madogo ya msumeno. Jino la mamba ni la duara kama kigingi. Shida ni kwamba kuna mamba wa zamani ambao nao meno yao yalibanwa kidogo, na kaskazini kulikuwa na mamba kila kona. Daktari alikuwa ameungua hapo. Miaka ya nyuma, mbele ya mkutano wa wataalamu, alionyesha jino akasema nimempata, na mtu mmoja akaliomba, akaliangalia na lenzi yake ya mfukoni, akasema mamba, watu wakacheka. Toka hapo Daktari akawa anaandika "mamba" kwenye kila kitu. Tukimletea jino, mamba. Kucha, mamba. "Daktari," Habiba akamwambia siku moja, "hata mimi ukinipata kwa boksi utaniandika mamba." Daktari akamtazama juu ya miwani. "Wewe nitaandika kasuku," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Ramadhani ya mwaka huo iliingia pamoja na mvua. Aliyewahi kukaa Kitengela anajua udongo wake mweusi ukinywa maji unakuwa kitu gani. Viatu vinabaki nyuma, mtu anaendelea na soksi. Habiba alikuwa anafunga, na mchana hakulamba kitu, kwa hiyo kazi ya ulimi ikawa yangu. Tulikaa hivi: yeye anashika kipande, anakigeuza kwenye mwanga, ananipa, mimi nagusisha, nasema. Alikuwa ananitazama mdomo jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto anayesoma kwa sauti. Siku moja Daktari alinunua mbuzi choma kusherehekea gari lake kutengenezwa, na kwa vile Habiba amefunga, nikala sehemu yangu na yake, pamoja na mafuta, nikapangusa mikono vizuri kabisa na kurudi mezani. Mikono nilipangusa. Ulimi ningeupangusa na nini? Alasiri yote hakuna kilichonata. Jiwe, jiwe, jiwe. Habiba akaniita dada kwa Kisomali chao, "Abaayo, leo sanduku zima ni mawe?" Nikamwambia huenda waliokusanya walikuwa wamechoka. Na ndoo ya mawe ilipojaa nikaifanyia tulichokuwa tunafanyia kila ndoo wakati wa mvua: nikaimwaga njiani, kutoka mlangoni hadi getini, tupate pa kukanyaga.

Asubuhi ya pili Habiba alikuja akiruka kutoka jiwe moja hadi jingine ameinua buibui mpaka magotini, na katikati ya njia akasimama. Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akainama, akachomoa kitu kwenye tope, akakisugua na kidole gumba. Kilikuwa na urefu wa kiganja chake, chembamba, kimenyooka, ncha zote mbili zimesuguliwa na mto mpaka zikawa butu. "Nashipae," akasema, bila kuinua kichwa, "jana ulikula nini?" Nikamwambia anajua nilikula nini. "Toa ulimi." Nikautoa. Hapo hapo akauelewa ukweli wote, akaanza kucheka, akacheka ameshika geti, na mimi nikaona mbuzi mzima akipita mbele ya macho yangu na mafuta yake. Tulipiga magoti kwenye lile tope, yeye na buibui yake na mimi na sketi ya kazi, tukaokota njia nzima. Daktari alitukuta hapo. Tulipomweleza alitazama mbali sana, upande wa vilima vya Ngong, kisha akavua viatu akapiga magoti pia. Mpaka leo watu wa ofisi ya Daktari mjini wanaonyeshana kidole kabla ya kulamba, wanaulizana, "Umekula mbuzi?"

Ule mfupa mwembamba Habiba aliuosha mwenyewe, akauweka kwenye pamba, na kuanzia siku hiyo hakutaka kuongea kingine. Ulikuwa mfupa wa wayo, ule unaobeba kidole cha mguu. Aliona wembamba wake, aliona uso wake ulivyobana bila nyufa, akasema huyu ni mla nyama. Daktari akausogeza kwenye taa, akakaa nao muda mrefu. "Mamba," akasema. Habiba akamwuliza mamba gani ana mguu wa hivi. Daktari akasema mamba wa zamani walikuwa na miguu mirefu, wengine walikimbia, na ncha zikishasuguliwa umbo halikuambii kitu tena. "Utajua tu ukiona ndani," akasema. Mfupa wa mamba ni mnene, ukuta mzito na shimo dogo katikati. Wa dinosaria mla nyama ni kama wa kuku, ukuta mwembamba na nafasi kubwa. Kuku ni ukoo wake, alituambia, ndiyo maana. Tukarudi dukani tukamwomba Mama Habiba atuwekee mifupa yote ya kuku wa futari. Mama akatukazia macho. "Sasa mmeanza ya kuku pia?" akasema. Lakini alituwekea, kwenye mfuko wa plastiki wa malboro, imeoshwa.

Ndani ndiko hatukuweza kuona. Mfupa haukuwa na hata ufa mmoja, na mashine kubwa za kuangalia ndani hazikuwa za watu kama sisi. Daktari akapata wazo la eksirei. Kulikuwa na kliniki ya watu mjini Kajiado ambako nilikuwa najuana na mhudumu, tukaenda wote watatu na mfupa umefungwa kwenye taulo, mimi nimeupakata. Mama wa mapokezi akachukua kalamu. "Jina la mgonjwa?" Daktari akasema halijulikani. "Umri?" Daktari, ambaye hawezi kudanganya hata kwa kitu kidogo, akasema miaka milioni sabini na kitu. Yule mama hakuinua macho. "Mtu mzima," akasema, akaandika. "Ameumia wapi?" Habiba akasema mguu. Picha ikapigwa, tena mbili, na mhudumu akatutolea zikiwa na mfupa mweupe tupu, kwa sababu ulikuwa umejaa madini na miali haikupita. Nilimsikia Daktari akipumua. Tulitoka tukasimama karibu na soko la mbuzi, watu wanabishana bei pande zote, na yeye akasema kile ambacho sote watatu tulikuwa tunakijua tangu mwanzo. "Imebaki kuukata."

Mimi sikutaka. Niliwaambia hapo hapo, nikawaambia tena njiani, nikamwambia Habiba peke yake kesho yake. Tukiukata tukute ni mamba, tumeharibu mfupa mzuri kuliko yote na nyumba inafungwa. Tukiuacha, ni mla nyama wa labda, na watu wanaweza kuomba mwaka mwingine kwa labda. Nilijua watu wa ofisi. Swali likiwa wazi kazi haiishi. Habiba alikuwa anapasua mfupa wa kuku, anapima ukuta wake kwa ukucha. "Unaweza kukaa na kitu hujui ni nini?" akaniuliza. "Mbona nakaa na wewe kutwa," nikamwambia. Hakucheka. Akasema kama nyumba itabaki wazi kwa sababu tunaogopa kuangalia, basi yeye atakuwa anakuja kila asubuhi kuogopa, na hiyo si kazi. Nilimkasirikia. Tulifanya kazi mpaka jioni bila kusemeshana, na nilipotoka nilifunga mlango kwa nguvu ambayo mlango haukustahili.

Tuliukata baada ya Idi. Kwanza tulipiga chapa ya plasta, ili umbo la nje libaki hata kama mfupa utaharibika. Daktari aliazima mashine ya kukatia vigae kutoka kwa fundi mmoja aliyekuwa anajenga jirani, ile yenye gurudumu linalozunguka huku linamwagiwa maji. Tukaiweka uani. Daktari akaushika mfupa, akautazama, kisha akamkabidhi Habiba. "Aliyesema ndiye akate," akasema, na nilielewa kwamba hakuwa anamtega.  Mimi nilipewa kazi ya kumwaga maji. Habiba alifunga mtandio nyuma ya shingo, akasema bismillahi, akaegemeza mfupa kwenye gurudumu. Harufu ilikuwa ya kiberiti kilichowashwa. Maji yalitoka meupe kama maziwa, yakanirukia miguuni, na mimi nilikuwa namwomba Mungu kitu ambacho hata sikukijua ni kipi. Sauti ikabadilika, ikawa nyepesi, na vipande viwili vikaachana mikononi mwake.

Daktari alikuwa ametazama pembeni. "Semeni," akasema. Habiba alimwonyesha. Ukuta wa mfupa ulikuwa mwembamba kama ganda la chungwa, na ndani yake nafasi yote ilikuwa imejaa fuwele nyeupe zilizong'aa kwenye jua la saa tano. Hata mimi ambaye sikutaka niliona. Daktari akachukua kipande kimoja, akaleta na kile cha kuku kilichokuwa mfukoni mwake, akaviweka pamoja kwenye kiganja. Akakaa chini, juu ya ndoo. Alivua miwani akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Mla nyama," akasema kwa sauti ndogo. Habiba akamwuliza ni yupi sasa, anaitwaje. Daktari akatikisa kichwa. "Mfupa mmoja unakuambia kabila. Jina haukuambii." Lakini alikuwa anatabasamu mpaka masikio yamesogea. Tulienda kula dukani wote watatu, na Mama Habiba alipouliza swali lake la kila siku, mara hii tulikuwa na jibu. Akamwangalia binti yake, akamletea glasi ya maji. "Sukutua," akasema. "Sheikh ni sheikh, na mimi ni mama yako." Habiba akasukutua.

Siku hizo nilikuwa nimeshamwomba Habiba msamaha na tulikuwa tunapanga mwaka unaofuata. Daktari alipanda kreti yake ya soda akawapigia mjini, na tulisimama dirishani bila hata kujificha, tunasikia furaha yake. Halafu ikapungua. "Ndiyo, wa uhakika," alisema. "Ndiyo. Hapana, hapa ni salama tu, tuko na mlango wa chuma." Kisha akageukia tangi, akatupa mgongo. "Naelewa." Aliteremka, akaja akasimama mlangoni kwetu. Wamefurahi sana, akatuambia. Wamefurahi mpaka wamesema kitu cha maana namna hiyo hakiwezi kukaa kwenye nyumba ya kupanga Kitengela, na kwa vile kimetoka kwenye masanduku haya, basi masanduku yote yanarudi mjini, kwenye chumba chenye kufuli, na wataalamu watakaoyafanyia kazi watatafutwa. Yeye atakwenda nayo. Sisi hatukutajwa. Alisema hayo yote akitazama sakafu, na najua alikuwa amepigania, kwa sababu ule mlango wa chuma tulimsikia akiutaja. Kwa miezi yote ile tuliogopa kwamba nyumba itafungwa tusipopata. Hakuna aliyefikiria kwamba itafungwa tukipata.

Lori lilikuja kabla ya Krismasi. Trei za mayai walisema tubaki nazo. Habiba alienda kufundisha shule ya wasichana Garissa, akaolewa huko, akapata watoto. Mimi nilirudi Kajiado nikaajiriwa mambo ya visima, na huko ndiko nimezeekea. Tulipigiana simu, tulitembeleana sikukuu, lakini hatukuwahi tena kukaa meza moja siku nzima na kazi mikononi, na urafiki wa simu si ule wa kutupiana maneno tangu asubuhi bila kutazamana. Mfupa wetu uko mjini, vipande viwili. Niliwahi kwenda kuuona. Kibandiko chake kinasema ni mla nyama, aina haijulikani.

Mwezi mmoja kabla Habiba hajafa, figo zikiwa zimegoma, walikuwa wamemleta hospitali ya karibu na mama yake, na nilikuwa naenda kukaa naye saa za kuona wagonjwa. Alikuwa amekonda, mdomo ni ule ule. Nikamwuliza kitu ambacho sikuwahi kumwuliza miaka yote hiyo. Kama angejua kwamba wataifunga nyumba vile vile, angeukata ule mfupa? Hakufikiria hata kidogo. "Ningekata," akasema. "Kwani wewe?" Nikamwambia hapana. Nikamwambia ningeurudisha kwenye tope, nikanyage juu yake kila asubuhi, tubaki pale mezani mwaka mwingine hata kama ni wa kudanganyana. Sikupanga kusema hivyo, na nilipomaliza nilikuwa nalia mbele ya mgonjwa, kitu ambacho mtu hafanyi. Habiba alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekauka.

"Najua, abaayo," akasema. "Ndiyo maana nilimwambia Daktari akupe maji. Alitaka wewe ushike mfupa nikikata, na wewe ungekimbia nao."